Matembezi ya historia Bagamoyo: serikali ya Wajerumani, kutoka forodhani hadi bomani

Matembezi ya kuongozwa katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, yanayotangazwa kama safari ya kujifunza namna Wajerumani walivyosimika serikali yao Afrika ya Mashariki, yana thamani ya bei yake, hasa kwa walimu wa historia wanaotafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wa sekondari. Nayapendekeza pamoja na kwamba nina malalamiko makubwa juu ya sehemu ya pili ya ziara. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, kwa kuwa si haki kuhukumu biashara nzima kwa kiongozi mmoja niliyempata siku moja, na zipo kampuni nyingine mjini hapo zinazopita njia hiyo hiyo na kusimama mbele ya majengo yale yale.

Ziara inaanzia ufukweni, kwenye mabaki ya forodha, hatua chache kutoka soko la samaki ambako minada ya asubuhi bado ilikuwa ikiendelea na moshi wa mafuta ya kukaangia ulitufuata kila upepo ulipogeuka. Huo ni uamuzi mzuri kuliko yote waliyoyafanya wapangaji wa safari hii. Vitabu vingi vya shule huanza na mikataba ya Mjerumani Carl Peters na machifu ya mwishoni mwa mwaka 1884 kule Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua, kisha vinataja hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani, aliyoitoa Kaisari wake tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, na mwanafunzi anabaki akidhani kwamba tangu siku hiyo nchi ilikuwa na serikali. Haikuwa nayo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliyoianzisha Peters, ilikuwa na karatasi zenye alama za machifu na vituo vichache vya bara vilivyokuwa vikila fedha bila kuingiza chochote. Kiongozi wetu alilieleza jambo hilo kwa ufasaha: kampuni ilichokihitaji kwanza ni mapato, na mapato ya Mrima nzima, yaani pwani inayoikabili Zanzibar, yalikuwa hapa, kwenye pembe, mpira na kila mzigo ulioshushwa au kupakiwa jahazini.

Forodha hiyo Wajerumani hawakuianzisha wao. Sultani wa Zanzibar alikuwa ameikodisha kwa miaka mingi kwa matajiri wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan, ambao walimlipa kiasi walichokubaliana kisha wakakusanya ushuru kwa faida yao. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said, aliyekuwa ametawazwa muda mfupi tu baada ya kifo cha Barghash, alitia saini mkataba wa kuikabidhi kampuni utawala wa pwani kwa miaka 50. Kwa hiyo kampuni iliingia mahali palipokwishatengenezwa na wengine, pakiwa na makarani, vitabu vya hesabu na mizani. Maelezo haya yalichukua karibu robo ya muda wetu wote, na sikuona hata dakika moja iliyopotea.

Hapo ndipo kiongozi alipotoa mfukoni kipande cha shaba cha mwaka 1890, pesa moja, akatupitishia mkono kwa mkono. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, jina la kampuni hiyo hiyo limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake mwaka 1307 wa Hijria. Pesa 64 kama hizo zilitimiza rupia moja, na rupia yenyewe ilifuata uzito wa rupia ya India iliyokuwa ikitumika pwani kabla Mjerumani hajafika. Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa katika kundi letu aliuliza kwa nini taifa lenye nguvu kiasi kile liandike Kiarabu kwenye sarafu yake. Kiongozi akamjibu, "Ndugu yangu, pesa isiyosomeka nani ataipokea sokoni?" Kwa jibu hilo alifundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu. Ningependa kila mwanafunzi wangu aishike sarafu ile, kwa sababu inaonyesha waziwazi kwamba utawala mpya uliingia ukiwa umevaa nguo za utawala wa zamani.

Kutoka hapo tulipanda kuelekea mjini, na simulizi ya vita ilianza. Agosti 1888 kampuni ilipojaribu kupandisha bendera yake katika miji ya pwani, mambo yaliharibika haraka, na pabaya zaidi palikuwa Pangani, ambako Emil von Zelewski, ofisa ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aligombana na liwali, yaani mwakilishi wa Sultani mjini, juu ya bendera mpaka askari wa manowari wakashuka kumsaidia. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akasimama Sadani, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa mizinga ya meli za kivita. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2, kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, na Hermann Wissmann akaja na jeshi la askari wa Kisudani walioandikishwa Misri pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Mei mwaka huo aliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Haya yote yalisimuliwa vizuri, kwa utaratibu na bila kelele, na kiongozi aliweka wazi kwamba serikali ya Dola ilikuja kuchukua mahali pa kampuni iliyoshindwa kazi: Sultani alilipwa mark milioni 4 aiachie pwani moja kwa moja, na kuanzia tarehe 1 Januari 1891 nchi ikawa chini ya serikali ya Berlin, Julius von Soden akiwa gavana wake wa kwanza.

Kasoro zilianzia kwenye mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa. Kiongozi alituambia kwamba Abushiri alinyongwa pale. Sivyo, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na kwa kuwa tarehe na mahali hapo huulizwa katika mitihani, kosa hilo si dogo kwa kundi la wanafunzi. Nilimweleza pembeni, naye akalipokea kwa adabu, ingawa nilihisi kwamba kundi lijalo litasimuliwa vilevile kwa sababu hadithi inapendeza zaidi ikiwa mahali pa mti wa kunyongea pako mbele ya macho. Pale mnarani tulikaa muda mrefu mno. Ukatili ulikuwepo na lazima usimuliwe, lakini mgeni aliyelipia kujua serikali iliundwaje hawezi kuishia kwenye kitanzi, kwani kitanzi kinaeleza jinsi watu walivyotiishwa na hakielezi ni nani aliyekuja kesho yake kuwahesabu na kuwaamua.

Karavanserai, nyumba ya kulaza misafara, tuliipita upesi, na ni bora. Kiongozi alizungumza kana kwamba kila aliyelala pale alikuwa amefungwa minyororo, ilhali misafara iliyoingia Bagamoyo miaka ile iliendeshwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na matajiri kama Sewa Haji Paroo walipata utajiri kwa kuwakodisha kwa wasafiri, Wajerumani wakiwemo.

Boma, jengo lililokamilika mwaka 1897, ndilo lililopaswa kuwa kilele cha safari, na ndilo lililonisikitisha zaidi. Tulisimama mbele yake, tukaelezwa juu ya unene wa kuta na kuhusu watu mashuhuri waliopita mjini, akiwemo msafiri Emin Pasha aliyeanguka kutoka ghorofa ya nyumba nyingine usiku wa karamu ya Desemba 1889, kisha tukapewa muda wa kupiga picha. Nilisubiri kusikia kazi gani ilifanyika ndani. Boma lilikuwa ofisi. Humo aliketi ofisa wa wilaya, ambaye wananchi walimwita Bwana Shauri kwa sababu asubuhi zake nyingi ziliishia kusikiliza mashauri: madeni, ndoa, mipaka ya mashamba, mtumwa aliyedai uhuru wake. Alikuwa hakimu, mkusanya kodi, mkuu wa polisi na mhandisi wa barabara kwa pamoja, na mkono wake ulikuwa na kiboko, kwani adhabu ya viboko ilikuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya ofisi, hadi 25 kwa mkupuo mmoja, ile iliyobaki katika midomo ya wazee kwa jina la hamsa ishirini.

Chini yake hakukuwa na Wajerumani wa kutosha kuendesha hata tarafa moja. Kwa hiyo serikali ilimchukua liwali wa Sultani ikamfanya wake. Sulaiman bin Nasor al-Lamki, kwa mfano, alitoka katika utumishi wa Zanzibar akaingia katika utumishi wa Berlin. Chini ya liwali waliwekwa maakida, na chini ya maakida majumbe wa vijiji. Vyeo hivi vilikuwa vya Mrima, lakini serikali ilivibeba hadi bara, pamoja na Kiswahili, ambacho kuanzia shule ya serikali ya Tanga ya miaka ya mwanzo ya 1890 kilifundishwa kwa lengo la kupata makarani na maakida. Mtu wa Matumbi au Uluguru akajikuta akiamriwa na akida mgeni, asiye wa ukoo wake, anayeandika asichoweza kukisoma. Kiongozi wetu, ambaye alikuwa ameeleza forodha kwa ustadi mkubwa, hakutamka neno akida hata mara moja mbele ya boma.

Wala hakutaja kodi. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na mwanzoni asiye na fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Maofisa hawakuficha kwamba walitaka watu watoke vijijini kwenda kutafuta rupia mashambani mwa walowezi na kwenye ujenzi wa reli. Majumbe na maakida waliachiwa sehemu ndogo ya walichokusanya, jambo ambalo linatosha kueleza bidii yao na chuki waliyoivuna. Gavana Götzen alipoongeza mashamba ya pamba ya lazima kuanzia mwaka 1902, mzigo ukazidi, na vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, pamba iling'olewa na akida wa Kibata akawa miongoni mwa walioshambuliwa mapema. Nilimuuliza kiongozi kwa nini haya hayamo. "Mwalimu, wageni wanachoka wakifika hapa," alisema. Huenda ni kweli, lakini basi dakika za mti wa kunyongea zipunguzwe.

Nina neno pia kuhusu kijikaratasi tunachopewa mwishoni. Kinasema kwamba Wajerumani walitawala moja kwa moja kila mahali, tofauti na Waingereza. Wanafunzi wetu hukariri sentensi hiyo, na inawapotosha. Uhehe ulipinga kwa silaha: Nyundo yule yule wa Pangani aliuawa na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikatekwa mwaka 1894, na Mkwawa akafa mwaka 1898, hivyo Iringa ilibaki wilaya ya kijeshi hadi mwaka 1914. Bukoba, Rwanda na Burundi zilitawaliwa kupitia wafalme wao, Mjerumani akiwa mkazi, yaani mwakilishi wa serikali wa kushauri na kusimamia. Richard Kandt alishika kazi hiyo Rwanda na kuianzisha Kigali, na nyumba yake leo ni makumbusho. Dola hiyo moja ilitumia maakida hapa, wanajeshi kule, na wafalme kwingine, kwa kufuata gharama na nguvu iliyoikuta. Mwaka 1914 jeshi lake la ulinzi lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 7, na kwa idadi hiyo hakuna aliyeweza kutawala moja kwa moja kila mahali.

Kwa upande wa huduma yenyewe sina lawama. Tulianza kwa wakati, maji ya kunywa yalikuwemo katika bei, kiongozi alizungumza Kiswahili sanifu na kuwaamkia wazee wote tuliowapita, na mama mmoja wa kundi letu aliyechoka na jua alitafutiwa kiti barazani kwa mwenyeji bila kuombwa. Viingilio vya majengo ya kihistoria hulipwa kando, kwa hiyo uulize mapema kabla ya kukusanya michango ya wanafunzi. Anayetoka Dar es Salaam na shule aondoke alfajiri, kwani umbali ni kilomita 70 hivi lakini foleni ya Tegeta na Bunju haina huruma.

Wakati wa kuhifadhi nafasi, omba mambo mawili kwa maandishi: muda wa forodhani usipunguzwe, na mbele ya boma wanafunzi wapewe nusu saa wakae kivulini. Nusu saa hiyo ichukue wewe mwenyewe. Njoo na nakala ya orodha ya wilaya za mwaka 1914, umpe mmoja cheo cha Bwana Shauri, mwingine liwali, mwingine akida, mwingine jumbe, na waliobaki wote wawe wenye nyumba wanaodaiwa rupia 3.