Winchi ya mkono au ya umeme kwa trela la kambi?

Matrela mengi ya kambi ya Marekani yenye paa la kuinuka hutegemea winchi moja tu, yaani kifaa cha kukunja waya kwenye pipa lake. Inavuta waya wa chuma chini ya sakafu, mvuto unagawanywa kwenda pembe nne, na nguzo zinazobeba paa zinapanda pamoja. Kwa hiyo anayebadilisha winchi bado ana waya zilezile na puli zilezile.

Winchi ya mkono inachosha, hasa paa likiwa limebeba mzigo. Lakini mkono unahisi. Waya ukikwama kwenye puli, mpini unakuwa mzito ghafla, nawe unasimama kabla kitu hakijakatika. Ya umeme haina habari: isipokuwa na swichi ya kuizima paa likifika mwisho, inaweza kuendelea kuvuta hadi waya ukatike. Tena betri ya volti 12 ikiisha mkiwa porini, paa halipandi. Ukinunua, chukua yenye sehemu ya kuchomeka mpini wa dharura.

Kwa matunzo, gia za winchi ya mkono zinataka grisi kidogo, ila diski za breki yake zisiguswe na mafuta kabisa. Zikiteleza, paa linashuka na mpini unazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Ya umeme inataka zaidi nyaya za umeme zilizo safi na betri yenye chaji.

Mwenye mgongo mbovu achukue ya umeme. Mimi nabaki na mpini.

Pembe moja ikichelewa kupanda, usikimbilie kulaumu winchi. Kagua waya, puli na nguzo ya pembe hiyo, baada ya kuegemeza paa kwa mbao imara.