Fimbo ya sentimeta 125 kwa mtu wa 158: nilivyokodi vifaa vya mlima hapa Moshi

Nimezaliwa Moshi, nimekua nikiuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi isiyo na mawingu, na mpaka nafikisha miaka 38 sikuwa nimeupanda. Wenyeji wengi tuko hivyo. Mwaka jana walimu sita wa shule yetu tukasema basi, safari hii tunakwenda. Njia ya Marangu, siku tano. Chakula, wapagazi na muongozaji vilikuwa juu ya kampuni. Mavazi na vifaa kila mtu ajitafutie. Ya mlima wenyewe wameyaandika wengi, kwa hiyo mimi nitaandika ya mabuti na fimbo tu, kwa sababu nilikodi mara mbili ndani ya wiki mbili na tofauti niliiona kwa macho yangu. Na kwa kucha zangu.

Duka la kwanza lina bango kubwa lenye picha ya kilele. Kijana aliyenihudumia ana lugha nzuri, sitamsingizia. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, unavaa namba ngapi?" Nikamwambia 39. Akaleta mabuti ya 39 yaliyopigwa kiwi mpaka yanameremeta, akachomoa fimbo mbili kwenye pipa, akaweka kitambulisho changu cha NIDA kwenye droo. Mabuti elfu ishirini na tano, fimbo elfu kumi. Dakika kumi nikawa nimeshatoka, na nikasifu kabisa kwamba hawa wana haraka.

Bahati yetu, muongozaji alitulazimisha twende Mandara kwanza, kituo cha kwanza cha kulala njiani, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tujipime. Tukapanda Hiace mpaka Marangu Mtoni, bodaboda mpaka getini, tukaingia msituni. Mandara iko mita 2,720, ni kilomita nane hivi kutoka getini. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, njia ni matope na mizizi.

Kupanda nilijikaza. Fimbo moja ilikuwa ya kusokota: unaivuta urefu unaotaka, unainyonga ikaze. Nikiiegemea tu, inazama ndani kama antena ya redio ya zamani. Ile nyingine haikuwa na mahali pa kurefusha wala kufupisha, kipande kimoja tangu juu mpaka chini, na ilinifika juu ya kwapa. Nikawa natembea bega moja juu, jingine chini, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja.

Kushuka ndiko kulikonitoa machozi. Kila hatua vidole vinagonga mbele ya buti. Tulipofika getini kucha ya dole gumba la kulia ilikuwa ya zambarau, na soli ya buti la kushoto imefungua mdomo kuanzia kisigino, ndani yake inatoka unga unga mweusi. Nilipoyarudisha nikaambiwa nimeyaharibu mimi kwa matope, nilipe elfu ishirini ya fundi viatu. Nililipa. Kitambulisho kilikuwa kwao.

Mmoja wa wagumu, yaani wapagazi, tuliokutana nao Mandara alikuwa ameniangalia nikishuka, akanielekeza kwa mzee mmoja. Ni chumba kimoja tu, uchochoroni, hakina bango. Jina sitalitaja kwa sababu mwenyewe alinikataza: anasema wakija wengi atashindwa kuwapima. Aliwahi kuwa mpagazi, kisha mpishi wa mlimani, kisha muongozaji, mpaka magoti yakakataa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mabuti unataka? Basi rudi saa kumi jioni."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani huvimba zaidi, kwa hiyo buti linalokutosha saa mbili asubuhi linaweza kukubana saa tisa. Niliporudi akanikalisha kwenye benchi, akanivalisha soksi mbili, nyepesi ndani na nene ya sufu juu. Akalegeza kamba za buti lote, akaniambia nisukume mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha akapitisha kidole chake nyuma ya kisigino. Kikipita vizuri, buti linafaa. Kisipopita, hapana. La 40 halikupitisha. La 41 likapitisha. Mimi, mtu wa 39!

Hakuishia hapo. Ana mbao mbili ameziegemeza ukutani kama ngazi isiyo na vipandio, na unatakiwa ushuke juu yake taratibu. Vidole vikigusa mbele, mnaanza upya. Nilishuka mara tano. Mara ya tatu vikagusa, na badala ya kubadilisha buti akabadilisha ufungaji: kisigino kigongwe chini kirudi nyuma kabisa, kamba ya juu ya unyayo ikazwe na kuzungushwa mara mbili pale mguu unapokunjia, ndipo uendelee juu. Mguu hauwezi tena kuteleza kwenda mbele. Wakati wa kupanda, akasema, sehemu ya kifundo ilegee kidogo. Wakati wa kushuka irudishwe hivyohivyo. Buti moja, mafundo mawili. Kule duka la kwanza hata kamba nilifunga mwenyewe.

Nikamweleza habari ya soli. Akachukua buti jingine rafuni, zuri kwa nje, akalikunja na kubonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba: ukadondoka unga uleule. Lile povu la katikati ya soli, alinieleza, huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kama buti limekaa tu stoo. Ndiyo maana buti la mtumba linaloonekana halijavaliwa kabisa linaweza kuwa bovu kuliko lililopanda mlima mwezi uliopita. Hilo huwa halikodishi, analiweka kuwaonyesha watu. Mtu akiniambia ameokota buti jipya kwenye soko la mitumba la Kiboriloni kwa bei ya kutupa, siku hizi namwambia alibonyeze kwanza.

Kwenye fimbo ndipo alipocheka. Nilimwelezea ile ya kipande kimoja, yenye duara pana la plastiki karibu na ncha na namba 125 iliyoandikwa ubavuni. "Mwalimu, ile ni ya skii!" Akanionyesha ukutani. Kweli, zimening'inia skii mbili, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji, alizikuta kwenye mzigo wa mitumba ambao hakuna aliyejua hivyo vitu ni vya nini. Mgeni mmoja wa Austria, ambaye kwao kazi yake ni kukodisha skii, alizikuta pale akakaa saa nzima akimfundisha. Na mzee naye akanifundisha mimi, mtu ambaye theluji nilikuwa naiona kwa mbali tu, juu ya mapaa ya mabati.

Urefu wa skii, anasema, huandikwa kwa sentimeta juu ya skii yenyewe, na kipimo cha haraka ni kuisimamisha mbele ya mtu: ncha iishie kati ya kidevu na utosi. Anayejifunza apewe ya kidevuni, kwa sababu fupi hugeuka kirahisi. Mzoefu anayekwenda kasi ndiye wa ndefu. Zile za ukutani ni 168, kwangu ni za kunivunja miguu. Fimbo yake nayo hupimwa kwa kuigeuza kichwa chini, unaishika chini ya lile duara, kiwiko kikunjike kama pembe ya daftari, kwa sababu ncha ile itazama kwenye theluji.

Lakini kilichonishangaza ni vile vifungio vinavyoshika buti. Cha nyuma husogezwa mbele au nyuma mpaka kilingane na soli ya buti, kwa milimita. Kisha kuna kidirisha chenye namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua buti lichomoke kwa nguvu gani mtu akianguka. Inapangwa kwa uzito wake, urefu wake, umri, urefu wa soli na jinsi anavyoteleza, kama ni mwoga au ni mkali. Ikilegea mno, skii inakutoka ukiwa kwenye mwendo. Ikikazwa mno, unaanguka nayo, nayo inakusokota goti au kukuvunja muundi. Yule mgeni alimwambia kwao fundi hawezi kukukabidhi skii kabla hujamjibu maswali hayo yote. Mzee akanigeukia: "Wewe uliulizwa mangapi?"

Moja, mzee.

Fimbo zake ni za alumini, za klipu. Mimi nina sentimeta 158, akaniwekea 105 kwa njia ya tambarare, kiwiko kikae kama pembe ya daftari. Akakaza parafujo ndogo ya kila klipu, akaniambia niziegemee kwa uzito wangu wote, hazikushuka. Kupanda kukali, punguza sentimeta tano. Kushuka, ongeza tano mpaka kumi. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba, maana hapo kipande hakishiki tena. Na mkono uingie kwenye mkanda kutoka chini kwenda juu, ili uzito ubebwe na mkanda, usikabe mpini mpaka vidole vife ganzi.

Mambo haya nilikuja kuyaelewa usiku wa kuondoka Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Tulianza kama saa sita usiku, kutoka mita 4,720, baridi ya kukata masikio, mbele ni kokoto tupu mpaka Gilman's, kwenye ukingo wa shimo la volkeno, mita 5,685. Hatua moja mbele, nusu inarudi. Fimbo kwenye sentimeta mia moja, mikono chini ya moyo, pumzi ikaja. Nilifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, saa mbili kasoro asubuhi. Pale juu nilimkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha mwenge na bendera mwaka 1961, na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa: alivaa mabuti gani?

Halafu siku hiyohiyo ukashuke mpaka kituo cha Horombo, mita 3,720. Zaidi ya mita elfu mbili kwa magoti yaleyale. Gilman's nilikaa juu ya jiwe, nikafunga upya mabuti kama nilivyofundishwa kwenye zile mbao, nikarefusha fimbo mpaka 115. Vidole havikugusa mbele hata mara moja. Mwenzangu mmoja aliyebaki na mabuti ya lile duka la bango amepoteza kucha mbili, na bado ananitania kwamba mimi nilikwenda kushonewa suti.

Mapungufu ya mzee yapo. Bei iko juu: mabuti elfu arobaini, fimbo elfu ishirini kwa safari nzima. Wenye mguu chini ya 38 atawahangaisha, mabuti madogo anayo machache sana. Geita alizonipa, vile vifuniko vya kuzuia matope na kokoto visiingie kwenye mabuti, zipu moja ilikuwa mbovu, nikaifunga kwa kamba. Simu hapokei, na kupimwa kulichukua saa moja na nusu huku wateja wawili wakinisubiri wamenuna.

Nilipovirudisha vifaa, mzee hakutazama hata matope. Alivichomoa vipande vyote vya fimbo, akavipanga dirishani vikauke, kwa sababu vikikaa na maji ndani vinaliwa na unyevu na kugandana. Akahesabu vikofia vya mpira vya ncha. Kimoja kilibaki kwenye kokoto za Gilman's. Akakata elfu mbili kwenye amana yangu, akaandika kwenye daftari.