Kibodi ya Taa ya Dell Latitude 7414: Tathmini ya Kazi ya Karakana Moja ya Kariakoo

Kompyuta mpakato ya Dell Latitude 14 Rugged Extreme, toleo la 7414, ni mashine nzito iliyoundwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi nje. Ina kiwango cha IP65, maana yake ni kwamba vumbi halipaswi kupenya kabisa na maji yanayorushwa kwa mpira hayapaswi kuidhuru, na kibodi yake ya raba huwaka kwa rangi anazozichagua mtumiaji. Kikosi chetu cha kuchimba visima mkoani Dodoma huitumia usiku kuandika kumbukumbu za tabaka za udongo na miamba, kwa hiyo taa ya kibodi kwetu si pambo, hasa ile nyekundu, ambayo haiyasumbui macho yaliyokwisha kuzoea giza wala haiwaiti wadudu kama ifanyavyo nyeupe. (Wadudu wa Dodoma baada ya mvua za kwanza wanastahili tathmini yao wenyewe.) Taa hiyo ilipoanza kusumbua, mashine ilipelekwa kwenye karakana moja ya Kariakoo, Dar es Salaam, na tathmini hii inahusu kazi iliyofanyika huko.

Fundi mkuu hakuanza na bisibisi. Alianza kwa kubonyeza Fn pamoja na F7, kwa kuwa mashine za aina hii zina hali ya kujificha inayozima taa na sauti zote kwa mara moja, na mtu asiyeijua anaweza kulipia matengenezo ya kitu ambacho hakijaharibika. Kisha alitumia Fn na F10 kupandisha mwanga ngazi kwa ngazi, akatumia Fn na C kupitia rangi nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, na mwisho akaingia kwenye menyu ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, ambako rangi hizo huwashwa au kuzimwa na nyingine mbili za mtumiaji mwenyewe huweza kuongezwa. Wateja wengi wangeona kwamba anapoteza muda. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipostahili malipo yake, kwa sababu kila kompyuta ya aina hii inayofunguliwa bila lazima hupoteza sehemu ya kinga yake.

Dalili yenyewe ilikuwa ya kuvutia. Nyeupe ilipoitwa, kibodi nzima ilitoa rangi ya waridi iliyoelekea zambarau, na kijani ilipoitwa, hapakuwaka kitu. Fundi alieleza kwamba nyeupe ya kibodi hizi hupatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na kijani ikikosekana hubaki mchanganyiko huo wa waridi; na kwa kuwa rangi ilikosekana kwenye vitufe vyote, si kwenye kona moja tu, mashaka yaliangukia njia ya umeme kuliko taa moja moja za LED. Alichomoa chaja na betri, akashikilia kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliosalia, ndipo akafungua. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa: utepe, yaani waya bapa unaounganisha kibodi na ubao mama, ukichomekwa upande huku umeme upo, fyuzi ndogo ya ubao mama inaweza kuungua, na kazi ya kubadilisha kibodi ikageuka kuwa kazi ya kuchomelea ubao.

Alisafisha miguso ya utepe kwa spiriti, akainua kilango cha soketi kwa ukucha wa plastiki badala ya kukilazimisha, akaurudisha utepe ukiwa umenyooka. Kijani kilirudi, lakini kilizimika kila upande wa kushoto wa kibodi ulipobonyezwa kwa nguvu, na hapo tukakubaliana kwamba kibodi ibadilishwe. Iliyopatikana ilikuwa mpya, ya raba na yenye taa za rangi, ila ya mpangilio wa Kimarekani, ilhali ya zamani ilikuwa ya Kiingereza, yenye alama ya pauni juu ya tarakimu 3 na kitufe kirefu cha kuingiza (Enter). Niliambiwa jambo hilo kabla ya kulipa, na hilo ni la kusifiwa. Sikuambiwa, hata hivyo, kwamba ni lazima mpangilio ubadilishwe pia ndani ya Windows, la sivyo alama ya @ na alama za kunukuu hubadilishana nafasi, na opereta wetu alihangaika na anwani za barua pepe hadi tulipolibaini.

Gasketi, yaani mpira wa kuziba vumbi na maji, ndiyo iliyotofautisha kazi hii na ile ya kompyuta ya kawaida ya ofisini. Fundi alikwangua gundi ya zamani yote kwenye ukingo wa kasha, akakagua mpira unaozunguka kibodi kwa kuupitisha kidole, akapanga skrubu kwa urefu wake, akazikaza kwa mshazari kidogo kidogo ili kibodi ikae sawa pande zote. Baada ya hapo alijaribu kupenyeza ukanda wa karatasi kwenye ukingo, akazima taa za chumba na kutazama kama mwanga ulivuja upande wowote. Kijana mmoja wa kaunta alipendekeza ukingo upakwe silikoni kwa uhakika zaidi, na fundi akamkatalia papo hapo. Alikuwa sahihi, kwani silikoni ya kawaida inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba ya miguso iliyo karibu. Ushauri wa namna hiyo haukupaswa kutolewa kwa mteja na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta yenye jina la karakana.

Kibodi yenyewe ni nzuri. Mwanga umeenea sawasawa hadi pembeni, herufi zinasomeka hata kwenye ngazi ya chini kabisa, na vitufe vinabonyezeka vizuri kwa mkono wenye glovu, ingawa raba yake mpya ni ngumu na anayechapa ripoti ndefu atachoka vidole. Bei ya kibodi ilizidi ya ufundi mara kadhaa, jambo ambalo sioni sababu ya kulilalamikia.

Udhaifu uko kwenye dhamana. Risiti inataja vitufe na taa, lakini haisemi lolote kuhusu vumbi na maji, na nilipouliza nilijibiwa kwamba karakana haina kifaa cha kupimia kiwango cha IP65 baada ya mashine kufunguliwa. Jibu hilo ni la kweli, tena ni la haki, ila linapaswa kuandikwa kwenye risiti bila mteja kuuliza, kwa sababu anayenunua kompyuta ya aina hii ameilipia kinga hiyo kuliko kitu kingine chochote. Sisi sasa tunaifunika mashine kwa turubai wakati wa kuchimba kwa hewa iliyoshindiliwa, ambayo hurusha vumbi, na hatuiachi mvuani. Anayekusudia kupeleka yake apige simu kwanza kuhakikisha kwamba fundi mkuu yupo siku hiyo, na asiiache mikononi mwa kaunta.