Kiti kisicho na posho: tathmini ya bodi ya baraza la mipango ya kijamii katika jimbo la Ontario

Mwezi Juni 2025 nilimaliza muhula wangu wa miaka mitatu katika bodi ya baraza la mipango ya kijamii la mji mmoja wa kusini mwa Ontario, nchini Kanada. Katika kipindi hicho nimeulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu, waliofika hapa kutoka Bukavu, Uvira, Kigoma na Mombasa, kama inafaa mtu aliyechoshwa na zamu mbili za kazi ajitwike na vikao visivyolipwa. Nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa namna ileile ambayo mtu hutathmini huduma aliyoitumia kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na kero zake. Jina la shirika silitaji, kwa kuwa sehemu ya malalamiko yangu inahusu yaliyotokea ndani ya vikao, na waliohusika wangali wanajitolea.

Kwanza ieleweke ni shirika la namna gani, maana hata majirani zangu waliozaliwa hapa hudhani ni ofisi ya manispaa. Baraza la mipango ya kijamii haligawi chakula, halipangishi nyumba wala halijazi fomu za uhamiaji. Kazi yake ni kuhesabu na kukutanisha: huchambua takwimu za sensa mtaa kwa mtaa, hutoa taarifa kuhusu umaskini, kodi za nyumba na malezi ya watoto, huziketisha meza moja taasisi ambazo zenyewe zisingetafutana, kisha hupeleka hoja mbele ya madiwani. Ni utaratibu wa siku nyingi nchini humu. Baraza la Winnipeg lilianza mwaka 1919 na la Edmonton mwaka 1940. Fedha za baraza letu hutoka kwa manispaa, kwa mfuko wa hisani wa United Way na kwa ruzuku za miradi, na juu ya yote hayo huketi bodi ya raia wa kawaida ambao, kisheria, ndio wenye dhamana ya shirika. Mkurugenzi mtendaji na watafiti wake wanne hulipwa mshahara. Sisi kumi na mmoja tuliokuwa waajiri wao hatukulipwa hata senti.

Nilipomweleza kaka yangu aliyeko Morogoro kwamba nimechaguliwa kuwa mjumbe wa bodi, swali lake la kwanza lilikuwa posho ya kikao ni kiasi gani, na nilipomjibu kwamba hakuna, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi walau nauli wanatoa. Jibu la swali la pili ni ndiyo. Taratibu za mashirika ya hisani ya Ontario hazikubali mjumbe alipwe kwa ajili ya ujumbe wenyewe, lakini huruhusu arudishiwe gharama za haki alizoingia kwa ajili ya kazi ya shirika. Kwa upande huu baraza letu lilistahili sifa, kwani ukipeleka risiti ya basi au ya yaya aliyebaki na watoto, fedha zako huwa zimerudi ndani ya wiki mbili. Kasoro ni kwamba hakuna aliyetuambia. Mimi niligundua haki hiyo baada ya mwaka mzima, kwa bahati, mweka hazina alipouliza kwa nini fungu lile halikuguswa, na kufikia hapo mama mmoja kijana alikuwa ameshajiuzulu kwa kukosa mtu wa kumwachia mtoto.

Semina elekezi ilikuwa ya jioni moja tu, nayo ndiyo sehemu ya huduma hii ninayoipa alama ndogo kuliko zote. Tuliingia wakati mgumu. Sheria ya Ontario ya mashirika yasiyo ya faida, ambayo ilitungwa mwaka 2010, ilianza kutumika tarehe 19 Oktoba 2021, na mashirika ya zamani yakapewa miaka mitatu ya kurekebisha katiba na kanuni zao. Kwa hiyo bodi yetu ilikuwa na kazi ya kuandika upya kanuni zote huku nusu ya wajumbe hawajui hata za zamani zilisema nini. Kanuni mpya tulizipitisha katika mkutano maalumu wa wanachama, wiki tatu kabla ya muda kwisha. Lakini mambo ambayo mjumbe mpya anapaswa kuyajua kabla hajatia saini ya kukubali uteuzi, mimi niliyasoma mwenyewe usiku jikoni. Nilisoma kwamba mjumbe hawezi kumtuma mtu mwingine akae kikaoni badala yake. Mazoea ya kusema “nimemtuma mdogo wangu aniwakilishe”, ambayo katika kamati zetu za harusi na misiba hayana ubaya wowote, hapa hayana nafasi. Nilisoma pia kwamba shirika likishindwa kuwalipa wafanyakazi, wajumbe wanaweza kudaiwa wao binafsi mishahara ya hadi miezi sita. Na nilisoma kwamba mjumbe aliyehudhuria kikao huhesabiwa kuwa ameliafiki azimio isipokuwa kama upinzani wake umeandikwa katika kumbukumbu. Hata asiyehudhuria naye huhesabiwa hivyo, mpaka ndani ya siku saba tangu alipopata habari atake upinzani wake uandikwe. Kwetu kukaa kimya kikaoni ni adabu. Mbele ya sheria hii ni sawa na kutia saini.

Hilo la mwisho lilinifaa mwezi Machi 2024, na kisa chake nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonifundisha namna ya kuipima bodi yoyote. Kikao cha bajeti kilikuwa Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni, katika chumba cha juu cha maktaba. Makabrasha yalitufikia kwa barua pepe Jumatatu saa nne usiku, kurasa mia moja na arobaini, na ndani yake, karibu na ukurasa wa mia, kulikuwa na pendekezo la kuchota dola 60,000 kutoka akiba ili kuziba pengo la ruzuku iliyokwisha. Niliuliza akiba itakayobaki itatosha mishahara ya miezi mingapi. Ilionekana kwamba ni pungufu ya miwili, na mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema lakini anayeiogopa saa kuliko hesabu, akasema tuendelee kwa kuwa ajenda bado ni ndefu. Mikono tisa iliinuliwa kuunga mkono. Niliomba jina langu liandikwe upande wa wanaopinga. Sikuwa na hakika kwamba wazo lenyewe ni baya. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisoma. Mtu aliyewahi kuwa katibu wa SACCOS, kama mimi, hawezi kuona akiba ikiguswa kwa kasi ile asishikwe na baridi.

Niseme kwa haki kwamba hakuna aliyeninunia. Kikao kilichofuata mweka hazina mwenyewe alileta azimio kwamba makabrasha yatumwe siku saba kabla, yakiwa na ukurasa mmoja wa mbele unaoeleza hali ya fedha kwa maneno ya kawaida. Utaratibu huo ulishikwa vizuri kwa vikao sita, kisha siku saba zikawa nne.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nibaki. Vuli ya mwaka 2023 watafiti walituletea rasimu ya taarifa kuhusu lugha zinazozungumzwa mjini, iliyotokana na sensa ya mwaka 2021, na katika jedwali lake Kiswahili kilikuwa chini kabisa, kwa idadi ambayo haikufika hata nusu ya watu ninaowaona msikitini na kanisani kwa wiki moja. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Mtafiti, binti makini sana, alinionyesha kwamba jedwali lilitokana na swali la lugha ya mama, ambalo humuuliza mtu lugha ya kwanza aliyojifunza nyumbani utotoni na ambayo bado anaielewa. Hapo nikaelewa. Mzee wa Uvira akiulizwa hivyo hujibu Kifuliiru au Kibembe, mama wa Bukavu hujibu Kimashi, na hujibu kweli tupu. Lakini hospitalini, shuleni na mahakamani lugha atakayoomba kutafsiriwa ni Kiswahili. Aidha, takwimu za sensa hukadirishwa hadi kwenye namba inayogawanyika kwa 5 au 10 ili kulinda siri za kaya, hivyo jamii ndogo iliyogawanyika katika mitaa mingi huweza kupotea kabisa ikitazamwa mtaa kwa mtaa. Dodoso refu la sensa lina swali jingine, linalouliza ni lugha zipi zaidi ya Kiingereza na Kifaransa ambazo mtu anaweza kuzungumza. Tulikubaliana taarifa itumie swali hilo na ieleze tofauti ya maswali hayo mawili. Wakalimani wa Kiswahili wakaingia katika mapendekezo yaliyopelekwa kwa madiwani. Kazi hiyo ya jioni mbili ingeweza kufanywa na mtaalamu wa kulipwa, ila angetoka wapi mtaalamu anayejua mama wa Bukavu anajibu nini?

Mjumbe mwenzetu mmoja wa miaka mingi alicheka kidogo siku ile, akatukumbusha kwamba mwaka 2010 serikali ya Kanada ililifuta dodoso refu la lazima, na mwaka 2011 ikaendesha uchunguzi wa hiari badala yake, ambao matokeo ya maeneo mengi madogo hayakutolewa kwa sababu waliojibu walikuwa wachache mno. Dodoso la lazima lilirudi mwaka 2016. Kwa mabaraza kama letu, alisema, miaka ile ilikuwa kama kuvua samaki gizani.

Kuhusu siasa, nilikuta woga uliopitiliza. Zamani shirika la hisani lilipaswa kuweka kikomo cha kama asilimia 10 ya rasilimali zake kwa shughuli zilizoitwa za kisiasa, lakini baada ya shirika la Canada Without Poverty kushinda kesi mwezi Julai 2018, sheria ya kodi ilirekebishwa mwaka huohuo, na sasa shirika linaweza kutetea mabadiliko ya sera kwa uhuru mradi lisipigie debe chama wala mgombea. Hata hivyo, uchaguzi wa jimbo wa tarehe 27 Februari 2025 ulipokaribia, vikao viwili vilipotea katika kubishana kama tunaweza kuwatumia wagombea wote maswali yaleyale kuhusu kodi za nyumba. Hatimaye tuliwatumia. Mjumbe mmoja aliyekuwa akimfanyia kampeni mgombea alitangaza mgongano wa maslahi na kutoka chumbani bila kulazimishwa, jambo ambalo katika vyama vyetu vya kusaidiana ningelipenda kuliona mara nyingi zaidi.

Kwa kazi inayotoka nje ya mlango wa baraza hili natoa nyota nne kati ya tano, na kwa uendeshaji wa vikao natoa tatu. Muda unaohitajika ni kama saa nane kwa mwezi, pamoja na kusoma. Anayekwambia ni saa mbili anahesabu kikao peke yake. Anayetafuta ajira kupitia kiti hiki namshauri asiombe. Anayeitwa ili sura yake ipambe ripoti ya mwaka, naye ataitambua hali hiyo kwa kuwa hatapewa kamati yoyote. Mimi nilipewa ya fedha katika mwezi wangu wa tatu, na hilo liliniridhisha. Kabla hujatia saini, omba kuona hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho, uliza kama shirika lina bima ya kuwakinga wajumbe wakidaiwa kwa ajili ya kazi ya bodi, na uliza makabrasha hutumwa siku ngapi kabla ya kikao. Baraza letu lilinijibu maswali yote hayo nilipoyauliza, ingawa nilichelewa kuyauliza.

Nafasi yangu imechukuliwa na muuguzi mstaafu anayetoka Goma. Ameniambia makabrasha yake ya kwanza yalimfikia siku tano kabla, na ukurasa wa mbele wa mweka hazina ulikuwamo.