Siku ya mbio bwawani: DF65 au IOM?

Kila klabu ya mashua za rimoti ina mjadala huu, na Nairobi haiwezi kuukwepa: uchague DF65 (DragonForce 65) au IOM (International One Metre), aina mbili za mashua ndogo za matanga za kushindania.

Kwa bei, DF65 inashinda waziwazi. Ina urefu wa sentimita 65, huja ikiwa karibu tayari, na kwa kuwa wote hutumia vifaa vilevile, anayeshinda ni aliyesoma upepo vizuri. Ukitoa mlingoti, unapanda nayo matatu bila kugombana na makanga.

IOM ina mita moja na uzito usiopungua kilo 4. Ukiiagiza nje, nauli na ushuru vitakuumiza. Hata hivyo, sheria zake zinakuruhusu kuijenga mwenyewe kwa mbao, mradi ikidhi vipimo, na hapa Nairobi hatukosi mafundi wa mbao. Kwangu hilo ni jambo kubwa: ikipasuka, unajua pa kuirekebisha.

Majini, IOM hutulia zaidi mawimbi yakianza, na ina seti tatu za matanga kulingana na upepo. Ila mkuku wake (pezi la chini ya mashua) unaweza kuzama hadi sentimita 42, hivyo bwawa lenye kina kifupi au magugu ni adui yake. Upepo wa asubuhi ukiwa hafifu, DF65 nyepesi haichoshi.

Matunzo hayatofautiani sana: kausha betri na mota ya usukani.

Mwanafunzi asiye na gari aanze na DF65. Mwenye karakana na subira, ajenge IOM, lakini kwanza aulize wenzake wanakimbiza ipi.