Kamera imekufa safarini: uitengeneze, ununue nyingine au uendelee nayo tu hivyo hivyo? Nimezipanga njia zote kuanzia nzuri mpaka mbovu

Kamera ikiwa nyumbani haidondoki. Inakaa kabatini miezi mitatu salama salimini, halafu siku ya pili tu ya safari zipu ya begi umeisahau wazi, unainama kufunga kamba za viatu, puu! chini kwenye sakafu ya saruji. Na hapo hapo akili yote inakimbilia duka liko wapi. Subiri kwanza.

Nnavyoona mimi watu wengi wanakosea hesabu hapa. Wanapiga hesabu ya hela wakati safarini kinachoisha haraka kuliko hela ni siku. Ukiwa kwako kamera ikikaa kwa fundi wiki tatu utanung'unika tu basi, lakini kama umebakiza siku sita za safari basi wiki tatu maana yake huna kamera, kwisha habari. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kitu chochote jiulize umebakiza siku ngapi, na katika hizo ni ngapi ambazo kweli kuna kitu unataka kupiga. Kama kile ulichokifuata umeshakipiga na zilizobaki ni za kukaa kwenye mabasi na kulala, mbona hujapoteza kitu, irudishe kwenye begi ukatengeneze nyumbani.

Lingine, jua kilichokufa ni nini hasa. Watu wananunua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kumbe tatizo lilikuwa lenzi. Badilisha lenzi, badilisha betri, badilisha kadi, kimoja kimoja. Kwa Canon ukiona Err 01 maana yake bodi na lenzi hazisikilizani, mara nyingi ni vile vidoti vya shaba nyuma ya lenzi vimeshika uchafu, vifute na kitambaa kikavu kisafi uwashe tena. Nikon ikikuandikia FEE huku una lenzi ya zamani yenye pete ya kitundu (kile kinachopitisha mwanga ndani ya lenzi) basi wala haijaharibika, zungusha pete mpaka namba kubwa kabisa, 16 au 22, uifunge hapo. Kama haiwaki kabisa baada ya kudondoka, angalia mlango wa betri. Kamera nyingi zina kiswichi kidogo mno pale ndani ambacho mlango ukifungwa unakibonyeza, mlango ukivunjika kijino kamera inadhani uko wazi na inagoma kuwaka. Kipande kidogo cha karatasi kilichokunjwa kikakibonyeza hicho kiswichi, na selotepu juu yake, nimemaliza nacho safari nzima.

Mimi mwenyewe siku ilipodondoka nilikaa chini kabisa maana kioo cha mbele kilikuwa kimesambaratika vipande vipande. Nikasema lenzi imeenda. Baada ya dakika kama kumi hivi ndo nikakumbuka nilifunga filta ya UV juu yake, kile kioo chembamba cha kukinga lenzi. Lenzi chini ya filta ilikuwa nzima kama imetoka dukani. Kama yamekukuta hayo, geuza lenzi iangalie chini kwanza ili vipande vidondoke nje visije vikakwaruza kioo chenyewe, vipulizie, usifute na kidole wala shati. Pete ya filta ikiwa imebonyea haitoki kirahisi, zungushia rababendi pana ile ya kufungia makaratasi upate kushika vizuri, usiibane kwa nguvu sana maana ukiikandamiza inakuwa yai na hapo ndo haitoki kabisa.

Haya sasa, tuzipange.

Ya kwanza: endelea nayo hivyo hivyo ikiwa mgonjwa

Najua ulikuja kusoma ununue nini na mimi nakwambia usinunue, lakini hii ndo namba moja kwangu na wala sibahatishi. Skrini ikipasuka lakini kitundu cha kuchungulia kinafanya kazi, unapiga picha. Fokasi ya yenyewe ikifa unazungusha kwa mkono, watu wamepiga hivyo miaka na miaka. Lenzi ya zuumu ikikwama kwenye milimita 35 basi una lenzi ya 35, tembea usogee karibu au mbali. Lenzi ikiwa imepata kipigo upande mmoja, piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, kisha kuza picha uangalie pembe zote nne, kama pembe moja ina ukungu na tatu ni kali basi ujue vioo vya ndani vimehama, ila bado ukiweka mtu katikati anatoka safi.

Isipokuwa maji. Kamera iliyoingia maji hii namba moja haiihusu. Toa betri sekunde hiyo hiyo, toa kadi, toa lenzi, na usiiwashe "kuangalia tu kama inawaka" maana umeme ukipita kwenye maji ndo unaiua ambayo ilikuwa inapona. Habari ya kuizika kwenye mchele achana nayo, mchele unaacha vumbi na haukaushi kitu cha maana, bora vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au iache tu wazi penye hewa kavu siku kadhaa. Yakiwa maji ya bahari, pole sana, chumvi inakula nyaya za ndani hata baada ya kukauka, unaweza kuiona inawaka leo ikazima moja kwa moja mwezi ujao. Ya maji ya chumvi mimi nahesabu imekufa na nashuka kwenye namba mbili.

Ya pili: bodi ya mtumba inayokubali lenzi zako

Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu ukifanya vizuri unarudi barabarani siku hiyo hiyo na ukifika nyumbani unaweza kuiuza bila hasara kubwa, au ukabaki nayo kama akiba.

Mdomo ndo kila kitu, yaani pale lenzi inapofungwa. Usinunue bodi kwa sababu ni nzuri, nunua kwa sababu lenzi zilizoko kwenye begi lako zitaingia. Lenzi za Canon za mdomo wa EF, ambazo zipo tangu 1987, zinaingia kwenye bodi mpya za mdomo wa RF ukipata adapta na zinafanya kazi bila shida, lakini lenzi ya RF hairudi nyuma kwenye bodi ya EF, hakuna adapta ya kukusaidia hapo. EF-S nazo, zilizotengenezwa kwa bodi zenye sensa ndogo (sensa ndo kile kipande kinachopokea picha), haziingii kwenye bodi za EF zenye sensa kubwa ya 24 kwa 36 milimita, watu wanalizwa sana na hili. Upande wa Nikon, adapta ya FTZ inapeleka lenzi za zamani kwenye bodi mpya za Z, ila zile AF-D zinazotegemea mota ya kwenye bodi hazifokasi zenyewe pale, na hazifokasi pia kwenye bodi ndogo za D3000 na D5000 na wenzao maana hazina hiyo mota. Muuzaji hatakwambia haya, au hajui au hataki kujua. Nenda na lenzi yako mkononi, ifunge, piga picha hapo hapo.

Angalia na betri. Inayotumia betri na chaja ulizonazo ina thamani zaidi kuliko yenye picha kali kidogo. Familia ya LP-E6 ya Canon kwa mfano ilianza na kamera ya 5D Mark II ya 2008 na ikaja mpaka R6, kwa hiyo kama unazo mbili tatu kwenye begi hizo ni hela tayari.

Ukiwa mbele ya muuzaji usione aibu kuchukua muda. Funga kitundu mpaka f/16, piga anga au ukuta mweupe, kuza picha: madoa meusi yenye ukungu ni vumbi kwenye sensa na linasafishika, mstari au mkwaruzo ni habari nyingine, ondoka. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi, ukiona kama utando wa buibui ni fangasi. Piga mfululizo picha thelathini kwa kasi ya juu usikilize shata (lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga), sauti iwe moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Uliza imepiga picha ngapi. Nikon inaandika hesabu ndani ya faili la picha yenyewe, Canon nyingi haziandiki kwa hiyo neno la muuzaji ndo unalo. Shata ya Canon 5D Mark IV ilipimwa kwa picha 150,000 na ya Nikon D850 kwa 200,000, hiyo sio siku ya kufa lakini bodi iliyofika 180,000 usiilipie kama ya 20,000. Na bei ikiwa ya kutupwa mno, na hakuna chaja, na hakuna mkanda, na jamaa ana haraka, we mwenyewe unajua hiyo imetoka wapi.

Ya tatu: kukodi

Fupi hii. Kama una siku moja au mbili za kazi ya maana, kodi. Zaidi ya hapo hela ya kukodi inaanza kukaribia ya kununua mtumba, halafu dhamana wanayoshikilia inaweza kukubana salio la kadi ya benki ukiwa ugenini. Piga video ya kamera pande zote kabla hujatoka nayo mlangoni.

Ya nne: mpya dukani

Haikatazwi, na kama yako ilikuwa imezeeka na ulikuwa unawaza kubadilisha mwaka huu basi sawa, safari imekusukuma. Ila mpya ya ugenini ina mitego yake. Waranti kwanza, nyingi zinafanya kazi nchi au kanda ileile ilikonunuliwa, ikiharibika ukiwa kwenu utaambiwa irudishe kule. Lugha pili, kamera nyingi za Sony zinazouzwa Japani kwa wateja wa Japani zinakuja na menyu ya Kijapani peke yake na huwezi kuibadilisha, kwa hiyo uiwashe dukani uione lugha yako kabla hujatoa hela. Forodha tatu, unaweza kudaiwa ushuru ukirudi, na upande mwingine kuna nchi zinamrudishia mgeni kodi aliyolipa dukani, lakini fomu inajazwa pale pale unaponunua na kamera unaonyesha kwa forodha wakati wa kutoka. Ukiitia kwenye begi la kuchekiwa kabla ya kuonyesha, umeikosa.

Na kitu ambacho hakiko kwenye bei: utakuwa unajifunza vitufe vipya huku tukio linapita mbele yako. Hilo limenikuta.

Ya tano: fundi wa njiani

Nimeiweka chini na najua mafundi watanichukia. Tatizo sio mikono yao, tatizo ni spea. Fundi hata awe hodari vipi kama shata ya kamera yako haipo kwenye droo yake ataiagiza, na ikiagizwa tena unasubiri usafiri na sio fundi. Niliwahi kuacha bodi mahali nikaambiwa keshokutwa, nikaahirisha kuondoka mara mbili, siku ya kumi na moja nikaichukua ikiwa haijatengenezwa na skrubu mbili hazipo. Sasa hivi nauliza kitu kimoja tu, spea unayo hapo mkononi nione? Akisema ataagiza namshukuru naondoka.

Kuna kazi ambazo fundi wa njiani anazifaa kabisa: kusafisha sensa, kutoa filta iliyokwama, kukaza skrubu za mdomo zilizolegea. Na kama unakaa mji mmoja mwezi mzima, au kamera ni ya filamu ambayo hailingani na chochote cha kununua, fundi anapanda hadi namba mbili.

Kama una bima, usimpe fundi afungue kabla hujapiga picha za uharibifu na kuwaandikia bima wenyewe. Karatasi ya fundi inayosema kimeharibika nini na haitengenezeki au itagharimu kiasi gani ni muhimu pamoja na risiti ya ulipoinunua, na soma ile sehemu inayosema kiasi unachojilipia mwenyewe, mara nyingine kikitoka hicho kinachobaki hakilipi hata usumbufu. Kuanguka na kuingia maji waranti ya kawaida haigusi, usijipe matumaini.

Ya mwisho kabisa: kuifungua mwenyewe hotelini

Hapana. Zile kamera ndogo za mfukoni lenzi ikikwama kwa mchanga watu wanachukua bisibisi ya miwani na kuanza. Ndani mle kuna kapasita ya flashi ambayo inabeba karibu volti 300 hata ukiwa umetoa betri, itakutupa kitandani. Ipulizie mchanga pembeni mwa lenzi na kipulizio cha mkono, iwashe uone, isipotoka mwachie anayejua.

Maiti yenyewe usiitupe, bodi iliyokufa ina kioo, mlango, vitufe, kuna mtu anavitafuta. Ibebe nyumbani, betri zake upande nazo ndani ya ndege maana za akiba haziruhusiwi kwenye begi la chini. Na kabla hujamkabidhi mtu yeyote, awe fundi au mnunuzi, toa kadi. Nimeshaona mtu anarudi mbio dukani kwa hilo.