Mafunzo ya wasikilizaji saitini: nyota 4, moja nimeinyima ile namba ya simu

Mimi ni fundi wa nondo, naongoza genge kwenye jengo la ghorofa. Mkandarasi wetu alinunua huduma ya afya ya akili yenye mambo matatu: namba ya simu ya ushauri, mshauri nasaha anayekuja saiti mara moja kwa wiki, na mafunzo ya nusu siku kwa wafanyakazi wanaojitolea kuwa wasikilizaji wa wenzao.

Nianze na mafunzo, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilitegemea mtu wa ofisini atusomee karatasi. Akaja seremala wa zamani, wale wa kufunga mbao za zege, aliyeacha kazi baada ya kuumia mgongo. Kabla ya lolote alituuliza ni wangapi tunamjua fundi mwenzetu aliyejiua. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa mingi kuliko nilivyodhani.

Akaeleza kwa nini sisi. Mkataba unaisha jengo likisimama na hujui kazi inayofuata iko wapi. Malipo yanachelewa huku nyumbani wanasubiri. Unakaa mbali na familia, mgongo unauma, unautuliza kwa vidonge na pombe, na ukilalamika unachekwa. Alitaja takwimu za Uingereza za 2011 hadi 2015: kwa vibarua wa ujenzi, hatari ya kufa kwa kujiua ilizidi mara 3 ya wastani wa wanaume nchini humo. Fundi bomba aliyekaa nyuma yangu akasema, "Na sisi kofia ngumu tunavaa kwa ajili ya tofali." Hakuna aliyecheka.

Sehemu nzito ilikuwa mazoezi. Wawili wawili, mmoja anajifanya ana shida, mwingine anauliza. Kuuliza "vipi, uko poa?" kila mtu anaweza, na atajibiwa "poa" hata na mtu anayezama. Hapa ulitakiwa umtazame mwenzako usoni useme, "Unafikiria kujiua?" Mwenzangu anaendesha kreni, hupitisha vyuma vizito juu ya vichwa vyetu bila mkono kutetemeka. Swali likamkwama. Akalizungusha: unafikiria kufanya jambo baya? Mwalimu akamrudisha. Akazunguka tena, akarudishwa tena. Mwishowe alilitoa kama mtu anayetema sindano.

Mwalimu alisema kumuuliza mtu waziwazi hakumwingizii wazo hilo kichwani, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hivyohivyo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, usimwahidi kwamba utaficha, mfikishe kwa mtaalamu. Kazi yetu si kutibu. Hilo alilirudia sana na alifanya vizuri, maana kwenye genge langu wapo ambao wangeshafungua kliniki.

Mtindo wenyewe unafanana na wa Mates in Construction, mpango wa kuzuia kujiua kwa wajenzi ulioanza Australia mwaka 2008: wanafunzwa wafanyakazi wa kawaida, na kibandiko kwenye kofia ngumu kinaonyesha wa kumwendea. Kibandiko nilikidharau. Kisha saidia fundi mmoja akanisogelea tukikunja ringi, akauliza, "Kaka, hicho cha nini?" ilhali bango la maelezo lilikuwa ukutani mbele yake. Tukaendelea kukunja huku tunaongea, macho kwenye nondo. Hakuwa anataka kufa. Alikuwa halali tangu mwenzake aanguke kutoka jukwaani mbele ya macho yake. Nilimpeleka kwa mshauri, na ameniruhusu niandike hili.

Mshauri ni msikivu kweli, tatizo lilikuwa chumba. Walimweka kwenye kontena lenye dirisha la kioo, kando ya ofisi ya meneja, na mwanzoni hakuingia mtu. Yeye mwenyewe aliomba lihamishiwe nyuma ya stoo ya vifaa, mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kupita. Sasa kuna foleni.

Namba ya simu ni ya bure, usiku na mchana. Ila simu zetu zinafungiwa langoni asubuhi kwa ajili ya usalama, na kambini tunalala wanne chumba kimoja. Mwenzangu mmoja alijikaza akapiga, akaulizwa kwanza kampuni yake na namba ya kitambulisho cha kazi. Akakata.

Mainjinia wamesahaulika. Injinia wetu kijana ndiye anayesaini kabla ya kumwaga zege, na ameniambia huamka usiku akiwaza kama alikagua nondo za boriti fulani. Mafunzo yalipangwa siku ya kumwaga slabu, akayakosa.

Miongozo ya WHO ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inagusa pia kazi yenyewe, yaani mzigo na mazingira yake. Hapo mkandarasi wetu hajafika: mishahara ilichelewa mwezi uleule tuliopewa vibandiko, na baadhi yetu walivibandua.

Mkandarasi anayetaka kununua aanze na mafunzo, na aulize mapema anayepiga simu anaulizwa nini. Asikubali mwalimu yeyote tu. Genge la pili walipata mwingine wa kampuni hiyohiyo, akasoma slaidi mwanzo hadi mwisho, na waliojitolea kuwa wasikilizaji kutoka darasa lile ni wawili tu.